Mahagi-Port: Habari imehamia kwenye simu, redio na magazeti ya Ituri yafanye nini ili yasife?

Hapa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, gazeti la karatasi ni kitu adimu. Le Potentiel, Le Phare na La Prospérité ni magazeti ya Kinshasa, zaidi ya kilomita 1 500 kutoka hapa. Hakuna mfanyabiashara wa samaki anayeweza kungoja gazeti la wiki iliyopita ili ajue kama barabara ya Bunia inapitika leo. Kwa miaka mingi, kazi ya gazeti katika jimbo la Ituri imefanywa na redio: redio ndogo za FM za kwenye teritware, redio za Bunia kama Candip na Canal Révélation, na Radio Okapi iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002. Redio ndiyo iliyowaambia wakaaji nani amefariki, soko gani limefungwa na askari wamefika wapi.

Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye simu. Sauti ya dakika mbili inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla mtangazaji hajawasha mitambo yake imeshafika Mahagi mjini, Ariwara, Bunia na ng'ambo ya pili, Panyimur na Kampala. Aliyeirekodi mara nyingi hajulikani. Kama ni ya leo au ya mwaka jana, hilo pia halijulikani. Lakini imefika, na watu wameamua: mmoja amerudisha pirogi, mwingine amefunga duka, mama mmoja amewaita watoto watoke shuleni.

Hapo ndipo penye swali la uchambuzi huu. Simu imeshashinda redio na gazeti kwa mbio. Tujiulize sasa ni kitu gani redio na gazeti bado vinaweza kukifanya ambacho kundi la WhatsApp haliwezi, na nani atalipia kazi hiyo.

Pesa zilikuwa zinatoka wapi

Ili kuelewa hatari iliyopo, tuangalie kwanza namna redio ya mtaa inavyoishi. Haiuzi nakala kama gazeti. Inaishi kwa njia tatu. Ya kwanza ni komunike: matangazo ya vifo, ya harusi, ya mbuzi aliyepotea, ya kitambulisho kilichookotwa, ya mkutano wa kanisa. Mtu analeta karatasi, analipa franga au shilingi za Uganda, na tangazo linasomwa asubuhi na jioni. Njia ya pili ni emisyo zinazolipiwa na mashirika: afya, chanjo, amani, uchaguzi. Ya tatu ni ile ambayo kila mwandishi wa Kongo anaijua kwa jina la «coupage»: aliyeita waandishi kwenye mkutano wake anawapa kitu kidogo cha usafiri, na kitu hicho ndicho kinachochukua nafasi ya mshahara.

Njia hizi zote tatu zimetikiswa kwa wakati mmoja.

Komunike zimehamia kwenye simu bila malipo. Familia iliyofiwa inapiga picha ya karatasi, inaituma kwenye makundi kumi, na ndugu walioko Bunia au Kampala wanapata habari kabla ya jua kuzama. Huwezi kuwalaumu. Redio inafika mahali antena yake inapofika tu, lakini simu inafika kwa ndugu popote alipo.

Fedha za mashirika nazo zimepungua ghafla. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha shirika la USAID likavunjwa. Waandishi Wasio na Mipaka, RSF, walikumbusha wakati huo kwamba mwaka 2023 peke yake fedha hizo zilikuwa zimesaidia waandishi 6 200 na vyombo vya habari 707 visivyo vya serikali katika nchi nyingi. Tarehe 15 Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika waliambiwa wabaki nyumbani, na idhaa ya Kiswahili, iliyosikilizwa sana huku mashariki mwa Kongo, ikanyamaza. Radio Okapi nayo inategemea Umoja wa Mataifa, na MONUSCO ilishaondoka Kivu ya Kusini mwezi Juni 2024. Siku ujumbe huo utakapofunga mizigo yake Bunia, nani atalipa mafuta ya jenereta za Okapi?

Inabaki «coupage», na hiyo ndiyo hatari kuliko zote. Chombo kisicho na pato lingine kinakuwa mali ya yule anayeita mikutano. Msikilizaji anaona wazi: habari ya mheshimiwa inasomwa mara tatu, na habari ya wavuvi haisomwi kabisa. Mwishowe anazima redio na kurudi kwenye kundi lake la WhatsApp, ambako angalau anaamini kwamba hakuna aliyelipwa.

Bei ya uvumi

Kuna watu wanaosema acha vyombo vya zamani vife, maana kila raia sasa ni mwandishi. Ituri imeshalipa bei ya kujua kwamba jambo si rahisi hivyo.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, kisha ukaingia Ituri. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3 470 walikuwa wameugua na 2 287 wamefariki. Katika miezi hiyo yote uvumi ulienda sambamba na virusi: kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa, kwamba chanjo inaua, kwamba timu za afya zimeleta sumu. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Na mwanzoni mwa Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya kijamii ya Lwemba katika teritware ya Mambasa, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakieleza watu kuhusu Ebola kwenye redio.

Kifo hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba habari ya kweli ina adui, na anayeibeba hapa kwetu anaibeba kwa mwili wake. Mwandishi asiye na mshahara wala ulinzi anaombwa kitu kikubwa mno. La pili ni chungu zaidi kwa sisi wa kazi hii. Antena peke yake haileti imani. Pale ambapo watu waliona redio inasoma tu maneno ya mashirika, bila kuuliza maswali ambayo wao wenyewe walikuwa nayo, uvumi ulipata nafasi. Ulijaza pengo ambalo maswali yasiyoulizwa yaliacha.

Hapa ziwani bei ya uvumi ni ya kila siku. Kati ya Mahagi-Port na Uganda kuna maji, kuna askari wa majini wa pande mbili, na kuna wavuvi wanaokamatwa kwa madai kwamba wamevuka mpaka ambao hauonekani juu ya maji. Upande wa kusini kuna Djugu na barabara ya kitaifa namba 27, ambayo mashambulizi ya makundi yenye silaha yameikata mara nyingi. Sauti ya uongo kuhusu shambulio inaweza kusimamisha soko zima kwa siku mbili, na samaki hawangoji. Lakini sauti ya kweli ambayo watu wameipuuza kwa sababu wamechoka na uongo, hiyo inaua. Chombo cha habari kinachoweza kusema saa ileile «hili tumelithibitisha» au «hili si kweli» kina thamani ambayo mfanyabiashara anaweza kuihesabu kwa franga.

Kujenga katika kiwanja cha mwingine

Vyombo vingi vya Ituri vimejibu mabadiliko haya kwa njia moja: kufungua ukurasa wa Facebook. Ni hatua nzuri, lakini si mpango. Mahagi-Port ni mahali pazuri pa kuona kwa nini.

Mkaaji wa mpakani ana laini mbili, ya Kongo na ya Uganda, na anatumia ile yenye mtandao au yenye mega za bei nafuu siku hiyo. Lakini Uganda ilifunga Facebook mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wake, na haikuifungua baada ya kura kuhesabiwa. Maana yake, redio ya Mahagi inayoweka habari zake Facebook peke yake inawapoteza wasomaji wake mwenyewe, walio mita chache kutoka studio, kwa sababu ya uamuzi uliochukuliwa Kampala. Na Uganda si peke yake. Nchini Kanada, kampuni ya Meta iliondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram tangu Agosti 2023, kwa sababu ya ugomvi na serikali kuhusu sheria ya kuwalipa wachapishaji. Magazeti yaliyokuwa na wafuasi maelfu yaliamka siku moja hayana hata mmoja wa kumfikia kwa njia hiyo.

Kongo nayo ina historia yake. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na ilikaa hivyo kwa karibu siku 20. Katika siku zile, aliyekuwa na redio ya FM alikuwa na sauti. Aliyekuwa na ukurasa tu alikuwa bubu.

Kwa hiyo «kuhamia mtandaoni» ni neno linalopotosha. Chombo cha Ituri hakitakiwi kuhama. Kinatakiwa kuwa na miguu miwili: FM kwa siku mtandao unapokatwa na kwa mama asiye na simu ya kisasa, simu kwa ndugu walio mbali na kwa kijana ambaye hana redio tena nyumbani. Na kile ambacho ni mali yake hasa, yaani orodha ya namba za wasikilizaji wake, kumbukumbu ya sauti na maandishi yake, na jina lake zuri, visilazwe katika nyumba ya mtu mwingine.

Mifano ya wengine, na mipaka yake

Wapo waliojaribu njia tofauti. Nairobi, kampuni ya Nation, ambayo pia hutoa gazeti la Kiswahili la Taifa Leo, iliweka malipo kwa baadhi ya habari za tovuti yake mwezi Februari 2021. Wazo ni rahisi: anayetaka kusoma alipe kidogo. Lakini Nairobi ina watu wengi wenye mishahara na simu zenye intaneti ya kudumu. Ukiweka mlango wa malipo mbele ya habari za Mahagi-Port, watu hawatalipa. Watampigia simu jirani.

Mfano unaotufaa zaidi unatoka Afrika Kusini. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, waandishi wa Johannesburg walianzisha The Continent, gazeti la kila wiki lisilochapwa kwenye karatasi wala kungoja msomaji aje kwenye tovuti. Linatumwa kama faili moja kupitia WhatsApp na barua pepe, na msomaji analipeleka kwa wengine. Waliona kwamba uongo unasafiri kwa WhatsApp, wakaamua ukweli nao usafiri kwa njia hiyohiyo. Hawakulipisha wasomaji, walitafuta wafadhili. Udhaifu wake ndio uleule tuliouona hapo juu: mfadhili akiondoka, kazi inayumba. Lakini namna yao ya kufikisha habari inaweza kuigwa na redio yoyote yenye simu moja.

Kosa letu wenyewe, la tovuti za habari za Ituri na Kivu, lazima nalo litajwe. Nyingi ni za mtu mmoja au wawili. Habari moja inanakiliwa na tovuti kumi bila hata mmoja kupiga simu kwenye eneo, na msomaji anadhani mashahidi ni kumi wakati ni mmoja. Zaidi ya hapo, tunaandika Kifaransa kwa watu wanaozungumza Kiswahili, Lingala na Kialur. Habari inaandikwa ili isomwe na balozi na shirika la Kinshasa, kisha tunashangaa kwamba mvuvi haisomi. BBC, DW na RFI wanarusha Kiswahili kutoka mbali kwa sababu wamejua wasikilizaji wako wapi. Sisi tuliozaliwa katika lugha hiyo ndio tunaoiona haina heshima ya kutosha.

Sheria mpya, hatari mpya

Tarehe 13 Machi 2023 Rais alitia sahihi sheria mbili zinazogusa kazi hii: ile ya uhuru wa vyombo vya habari, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996 na kuvitambua pia vyombo vya mtandaoni, na Kanuni ya dijitali. Kifungu cha 360 cha Kanuni hiyo kinasema anayeanzisha au kupeleka habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mtandao anaweza kufungwa mwezi mmoja hadi sita. Tuzingatie neno «kupeleka»: halimhusu mwandishi peke yake, linamhusu pia kila anayebonyeza na kutuma kwenye kundi.

Hatari ya sheria hizi ilionekana kwa Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa Actualite.cd na mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters. Alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023 kwa sababu ya makala ambayo haikuwa hata na jina lake, akahukumiwa miezi sita, na akatoka gerezani tarehe 19 Machi 2024. Kama hilo lilimpata mtu anayejulikana dunia nzima, mwandishi wa redio ndogo ya kando ya ziwa afikirie nini? Tena Ituri iko chini ya «état de siège» tangu tarehe 6 Mei 2021, na mamlaka ni ya kijeshi.

Jibu si kunyamaza. Jibu ni kuandika kwa namna inayoweza kutetewa: kuhifadhi sauti ya shahidi, kuandika saa na mahali, kumpigia anayetuhumiwa kabla ya kutangaza, na kusahihisha hadharani pale tulipokosea. Nidhamu hiyo inamlinda mwandishi mbele ya hakimu, na ndiyo pia inayomtofautisha na mwenye kundi la WhatsApp.

Kinachoweza kufanyika kuanzia sasa

Kwanza, komunike zirudishwe kwa thamani mpya. Familia ilipe bei moja, na tangazo lisomwe FM, kisha litumwe kama picha safi yenye alama ya redio kwenye chaneli ya WhatsApp ya redio hiyo. Chaneli hizi zipo tangu mwaka 2023 na hazina kikomo cha watu kama kundi. Tangazo la kifo au la shamba linalouzwa likiwa na alama ya redio, maana yake mtu amelithibitisha. Hapo kuna kitu cha kulipia.

Pili, habari za matumizi ziwe mkate wa kila siku: bei ya samaki Mahagi-Port na Panyimur, hali ya barabara, upepo ziwani, kiwango cha kubadilisha shilingi na franga. Sauti ya dakika tatu kila alfajiri, Kiswahili na Kialur. Wafanyabiashara wa samaki, wenye maboti na maduka wanaweza kuchangia kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa kila mwezi, si kama sadaka, bali kama wanavyolipia mafuta ya boti.

Tatu, redio zishirikiane. Teritware tano za Ituri, yaani Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa, haziwezi kila moja kuwa na timu ya kuchunguza uvumi. Lakini mwandishi mmoja kwa kila teritware, wakiwa kwenye kundi moja la kazi, wanaweza kujibu ndani ya saa moja kama sauti inayozunguka ni ya kweli. Gharama yake ni mega na uaminifu kati ya wenzao.

Nne, wenye vyombo wakubali kulipa waandishi wao, hata kidogo, na waseme wazi ni emisyo gani imelipiwa na nani. Msikilizaji haoni ubaya redio ikisema «kipindi hiki kimelipiwa na shirika fulani». Ubaya anauona akigundua mwenyewe.

Na dola ina sehemu yake. Kodi na ada nyingi ambazo redio za kijamii zinadaiwa, kana kwamba ni televisheni za biashara za Kinshasa, zinaweza kupunguzwa bila kubadilisha sheria hata moja.

Mwezi Mei 2025 Kongo ilimpa Starlink kibali cha kufanya kazi nchini, na kampuni za simu zinaendelea kusogeza antena zao. Mtandao utazidi kufika kando ya ziwa, hata pale ambapo leo unapanda kilima ili kupata mstari mmoja. Ukifika na kukuta redio zimeshafunga, nafasi itachukuliwa na wenye sauti kubwa na sababu zao: wanasiasa, makundi yenye silaha, wauza dawa za uongo. Hiyo miezi au miaka michache iliyobaki kabla mtandao haujaenea ndiyo nafasi ya redio za Mahagi kujenga orodha zao, kupanga bei zao na kurudisha imani ya wasikilizaji wao. Mvuvi anayeamua saa kumi ya alfajiri kama atatoka au atabaki ufukoni hataki kujua habari imefika kwa antena au kwa simu. Anataka kujua nani ameisema, na kama mtu huyo alimdanganya jana.